Mota ya umeme ya boti inakimbia hata kwenye namba 1? Ipunguze hivi

Mota ndogo za umeme, zile za kubana kwenye ubao wa tezi kwa skrubu mbili za mkono, zinawafaa sana wanaovua kwa mshipi kwenye ghuba ya Msasani, Kunduchi na upande wa Kigamboni. Hazipigi kelele, hazinuki petroli, na kama nyumbani una betri ya sola basi nusu ya gharama umeshaimaliza. Kero yake ni moja: hazijui kwenda polepole. Ifunge kwenye boti nyepesi ya faiba ya mita 4, uweke namba 1, ambayo kwenye mpini ndiyo ya chini kabisa, na bado utakwenda mwendo wa mtu anayewahi daladala. Kibua hai uliyemtunga anakokotwa mdomo wazi mpaka anakufa. Chambo cha ngisi kinapanda juu badala ya kubaki karibu na chini anakokaa ngisi mwenyewe. Ukizima, maji yanakuchukua. Ukiwasha, unakimbia tena. Kutwa nzima mkono uko kwenye swichi badala ya kuwa kwenye mshipi.

Kurambaza nguru kwa chambo bandia ni habari nyingine. Nguru anataka kasi ambayo mota hizi haziwezi kuifikia, huko waachie wenye injini za petroli. Mwongozo huu ni wa uvuvi wa taratibu: kibua hai kwa ajili ya kolekole, ngisi, au kushuka na maji pembeni ya mwamba huku ukitaka boti iongozeke.

Jibu fupi ni kwamba dawa ya kudumu ni kontrola ya PWM, kifaa cha kudhibiti mwendo kwa kuwasha na kuzima umeme haraka haraka, kinachokaa kati ya betri na mota. Lakini usikimbilie Kariakoo leo hii. Kuna hatua za kufanya kwanza ambazo hazina gharama, na wapo watakaoishia hapo na kuridhika.

Kwa nini namba 1 haipungui zaidi

Mota ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa mwaka 1934 huko Fargo, North Dakota, Marekani, na O.G. Schmidt, aliyechukua starta ya gari la Ford Model A akaiunganisha na propela. Ilikuwa ya ziwani, na hadi leo nyingi zinaundwa kwa kufikiria boti nzito ya ziwani yenye watu wawili watatu na mizigo. Namba 1 ya boti ile ni mwendo wa konokono. Kwenye faiba nyepesi ni mbio.

Halafu kuna suala la namna namba zenyewe zinavyopatikana. Mota ya kawaida yenye namba 5 za mbele na 3 za nyuma haina akili yoyote ndani. Kwenye kile kichwa kinachozama majini, pamoja na mota, zimo nyaya za ukinzani. Namba 5 inapeleka umeme wa betri moja kwa moja. Namba za chini zinaupitisha kwanza kwenye nyaya hizo, sehemu ya umeme inageuka joto, na joto linapozwa na maji ya bahari. Ndiyo maana hairuhusiwi kuiendesha nje ya maji kwa muda mrefu. Kiwanda kimeweka nyaya za kutosha kufika namba 1 na kikaishia hapo. Hakuna namna ya kuizungusha swichi ikupe namba 0.5.

Na joto hilo unalilipia. Chukua mota ya ratili 30 za msukumo, yaani karibu kilo 13.6. Kwenye namba 5 inakula kama ampea 30. Kwenye namba 1 propela inazunguka kama nusu ya kasi, na betri inatoa ampea 8 hivi. Volti 12 mara ampea 8 ni wati 96, lakini mota yenyewe inatumia kama nusu yake tu. Nusu nyingine inapasha moto bahari. Tutarudi kwenye hesabu hii tukifika kwenye PWM.

Hatua ya 1: Jua mota yako ni ya aina gani

Shika mpini uzungushe mota ikiwa imezimwa. Ukisikia "ta, ta, ta" na mpini unasimama kwenye namba, hiyo ni ya nyaya za ukinzani, na kila kitu kilichoandikwa hapa chini kinakuhusu. Ukizunguka laini toka sifuri hadi mwisho bila kukwama popote, basi mota yako ina kontrola ya elektroniki ndani tayari. Hiyo usiifungie kontrola nyingine kwa nje, wala usiipe volti pungufu. Kontrola mbili zinazofuatana zinagombana, na ya ndani, ambayo ndiyo ya bei, ndiyo inayoungua. Mwenye mota hiyo asome hatua ya 2 na ya 3 tu, kisha aruke hadi sehemu ya mwisho.

Hatua ya 2: Pima mwendo wako halisi

Simu yenye GPS inakupa kasi juu ya ardhi, lakini samaki wako hayuko juu ya ardhi. Boti inaweza kuwa inakwenda kilomita 3 kwa saa kwenye simu kwa sababu maji yanakusukuma, huku chambo kikiwa kimetulia tuli majini. Unachotaka kujua ni kasi ya boti dhidi ya maji yenyewe.

Menya chungwa. Ukiwa unakwenda namba 1 na maji yametulia, mtu wa omo adondoshe kipande cha ganda ubavuni mwa boti, wewe uliye tezi uhesabu sekunde hadi ganda likufikie. Ganda la chungwa ni zuri kuliko kifuu cha nazi au chupa tupu, kwa sababu linaelea limezama karibu lote na upepo haulisukumi. Boti ya mita 4, ganda likipita kwa sekunde 4, unakwenda mita 1 kwa sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa. Likichukua sekunde 8, ni kilomita 1.8. Kwa kibua hai mimi napenda ganda lichukue sekunde 8 hadi 10. Rudia mara tatu nne, uandike.

Fanya kipimo hiki wakati wa maji mafu, si bamvua, na mahali penye kina. Bamvua ya Dar maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake kwenye milango ya vijito utakuvurugia kila hesabu. Kaa mbali na mlango wa bandari pale Magogoni: vivuko vya Kigamboni na meli haviwezi kukupisha wewe na ganda lako la chungwa. Na Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, uvuvi ndani yake hauruhusiwi, kwa hiyo mishipi ijaribie nje ya mipaka yake.

Hatua ya 3: Jaribu vya bure kwanza

Ndoo. Ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyoning'inizwa ubavuni ni breki nzuri ajabu. Kwenye boti nyepesi inayokwenda namba 1, ndoo moja inaweza kukupunguzia theluthi ya mwendo. Mbili, moja kila upande, zinakaribia nusu. Ila usiifunge kwa ule mkono wake wa waya, utang'oka ndani ya dakika chache. Toboa mdomo wa ndoo matundu matatu yaliyo mbali sawasawa, kila tundu kwenye ule ukingo mnene, upitishe vipande vitatu vya kamba vyenye urefu sawa, uviunganishe kwenye fundo moja, na fundo hilo ndilo lifungwe kwenye kamba kuu. Kwenye kitako toboa tundu la upana wa kidole, maji yapite kidogo, la sivyo ndoo inayumba kama samaki aliyenasa. Funga pia kamba nyembamba kwenye kitako. Wakati wa kuitoa unavuta hiyo, ndoo inageuka na kumwaga maji. Bila kamba ya kitako utainua kilo 20 za maji kila ukihama.

Ifunge mbele ya katikati ya boti, kamba iwe fupi kiasi kwamba hata ikilegea haifiki kwenye propela. Ubaya wa ndoo ni kwamba samaki mkubwa akiuma atazungukia huko huko. Mwenzako lazima awe tayari kuitoa.

Kinyumenyume. Weka boti itangulize tezi, mota iwe inavuta badala ya kusukuma. Ubao bapa wa tezi unapasua maji vibaya, na hicho ndicho unachotaka. Inafanya kazi vizuri asubuhi bahari ikiwa shwari. Kusi ikianza kupuliza, mawimbi yanaruka juu ya ubao wa tezi na kuingia ndani, na betri yako iko hapo hapo. Basi, acha.

Njia nyingine ni kugeuza kichwa cha mota nyuzi 180, kama yako inageuka, halafu utumie namba za nyuma kwenda mbele. Propela imechongwa kwa ajili ya upande mmoja. Ikizunguka kinyume inasukuma kwa unyonge. Pima kwa ganda la chungwa uone kama inakupa kitu, kwa maana mota hazifanani.

Watu wengi hunishauri kukata propela. Hesabu haiungi mkono. Msukumo unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne: ukikata asilimia 10 ya kipenyo, msukumo unabaki kama asilimia 66, lakini mwendo wa boti unapungua chini ya asilimia 20 tu, na propela nyepesi itaongeza mzunguko kidogo ikurudishie sehemu ya hicho ulichopunguza. Umeharibu propela, umepoteza nguvu ya kurudi nyumbani, na kibua bado anakufa.

Hatua ya 4: Jaribio la taa za gari

Kabla ya kutoa hela ya kontrola, ni vizuri kujua kama mwendo mdogo utakufaa kweli. Kwa hili nenda Gerezani, au gereji yoyote ya karibu, uombe taa za mbele za H4 zilizotolewa kwa sababu uzi mmoja umekatika. Taa ya H4 ya volti 12 ina nyuzi mbili, wati 60 na wati 55. Gari linaikataa full ikikatika, lakini ule uzi wa dimu bado mzima. Kwa mafundi hizo ni takataka.

Unganisha taa moja kwa mfuatano kwenye waya chanya wa mota: chanya ya betri, fyuzi, taa, mota, kisha hasi inarudi kwenye betri. Mota iwe namba 5, ili nyaya zake za ndani zisiingilie. Taa itawaka kwa wekundu na propela itazunguka taratibu. Uzuri wa taa kuliko rizista (kipande cha ukinzani) ya kawaida ni kwamba uzi wa baridi una ukinzani mdogo sana, kwa hiyo unaipa mota msukumo wa kuanzia, halafu ukipata moto unaibana.

Kwa mota ya ratili 30, taa moja ya wati 55 inaishusha chini ya namba 1 ya kawaida. Taa mbili zilizowekwa sambamba zinakaribia namba 1 yenyewe. Katikati hapo unacheza kwa kuongeza taa ya breki ya wati 21 pembeni ya ile ya 55. Kama mota yako ni ya ratili 50 au 55, inahitaji taa zaidi. Kila ukibadilisha, dondosha ganda.

Fanya hivyo karibu na pwani. Taa ziwe ndani ya kopo la bati lililofunikwa nusu, kwa sababu kioo cha moto kikirukiwa na maji kinapasuka. Na hili ni jaribio, si mfumo wa kuishi nao. Kuna watu wanaoweka rizista ya kudumu kwenye boksi na kuridhika; umeme unaopotea ni ule ule wa nyaya za ndani, tofauti ni kwamba joto sasa liko ndani ya boti badala ya majini.

Hatua ya 5: Kontrola ya PWM

Hii inawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa wazi robo ya muda, mota inaona kama robo ya volti. Hakuna kinachochomwa njiani isipokuwa joto dogo kwenye mosfeti, yaani swichi za elektroniki zilizo ndani yake. Rudi kwenye hesabu yetu: mwendo ule ule wa namba 1 uliokula ampea 8, kwa PWM utakula kama 5. Betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, inakupa Ah 50 za kutumia: saa 6 kwa swichi ya zamani, saa 10 kwa PWM. Ukishuka chini ya namba 1 faida ni kubwa zaidi, kwani mzunguko wa propela ukipungua nusu, nguvu inayohitajika kuuendesha inashuka hadi moja ya nane.

Kununua. Kariakoo zipo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, na mtandaoni zimejaa. Kijana wa dukani atakwambia, "Bosi, hii ya sitini ampea, haiungui hii." Muombe aifungue. Tazama zile mosfeti zilizobanwa kwenye bati la alumini. Ukikuta moja au mbili, hiyo sitini ni ya kwenye stika tu. Mimi nataka nione nne au zaidi, bati nene la kupoza, na skrubu za kuunganishia zinazoweza kubeba waya mnene. Kwa mota ya ampea 30 chukua iliyoandikwa 60. Hakikisha inaanzia volti 10 au chini, kwa maana betri ikilemewa inashuka chini ya 12 na kontrola ya volti 12 kamili itazima ghafla. Kama wanaandika masafa, chagua ya kilohezi 15 na kuendelea. Zilizo chini ya hapo zinapiga mluzi ambao mwili wa faiba unaukuza.

Waya. Usitumie waya wa nyumba. Nenda maduka ya vifaa vya welding uchukue waya wa kuchomelea wa milimita 16 za mraba. Nyuzi zake ni laini, unakunjika bila kukatika ndani. Tofauti si ndogo: mita 3 kwenda na 3 kurudi, kwa ampea 40, waya wa 16 unapoteza robo ya volti, wa 6 unapoteza volti 0.7. Kwenye betri ya 12 hiyo unaisikia.

Kufunga ni hivi. Toka chanya ya betri weka fyuzi kwanza, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri. Mota ya ratili 30 itatosha fyuzi ya ampea 40. Ya ratili 50 au 55 weka 60. Baada ya fyuzi weka swichi kuu ya kuzima, mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka. Kisha chanya na hasi ziingie kwenye upande wa betri wa kontrola, na nyaya mbili za mota ziende upande wa mota. Kontrola ikae karibu na betri na nyaya za kati ziwe fupi. Urefu unaohitaji uwe upande wa mota.

Kuna jambo linalowakosesha wengi siku ya kwanza. Katika nyingi ya kontrola hizi, chanya inapita moja kwa moja na kinachokatwa ni hasi. Kwa hiyo hasi ya mota si hasi ya betri. Ukiziunganisha, kwa mfano kwa kutumia ukanda mmoja wa hasi kwa ajili ya mota, taa na pampu ya kukombea maji, umeiruka kontrola na mota itakwenda kwa kasi kamili hata ukizungusha kitufe vipi. Nyaya mbili za mota ziende kwenye kontrola na zisiguse kitu kingine chochote.

Baada ya hapo mpini wa mota unaacha kazi yake ya zamani. Uuweke namba 5 daima, mwendo uudhibiti kwa kitufe cha kontrola. Ukitaka kurudi nyuma, rudisha kitufe sifuri, subiri propela isimame, ndipo ugeuze mpini. Kugeuza ghafla mota ikizunguka kunapiga kontrola na mkondo mkubwa.

Swichi kuu sio pambo. Mosfeti inapoharibika, mara nyingi haikatiki bali inabaki wazi. Maana yake mota itaruka hadi kasi kamili na kitufe hakitasikia. Mtu amesimama omo anatupa mshipi, mota inaruka ghafla: fikiria mwenyewe.

Nakushauri pia uweke njia ya kuipita kontrola. Funga plagi nene, zile za vichwa viwili bapa zinazotumika kwenye betri za foklifti, moja itoke kwenye kontrola na nyingine itoke moja kwa moja kwenye fyuzi na swichi kuu. Waya wa mota unachomekwa kwenye mojawapo. Unavua kwa kontrola, unarudi nyumbani moja kwa moja. Faida yake ni mbili: upepo ukibadilika una nguvu zako zote, na kontrola ya bei nafuu haibebi ampea 30 hata siku moja, kwa hiyo inadumu.

Boksi. Kopo la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mfuniko wa kubana linatosha. Nyaya zitokee chini, si juu, na uzipinde kidogo kabla hazijaingia ili maji yadondokee kwenye kipindo. Chumvi ndiyo adui, hivyo paka grisi kwenye kila skrubu. Kwa ampea chache za mwendo wa taratibu, joto la ndani halitakuwa tatizo. Kama una kifaa cha kutafutia samaki, waya wake upite upande wa pili wa boti. PWM inakitia vistari vya uongo.

Wenye betri mbili za volti 6

Kama mfumo wako ni betri mbili za volti 6 zilizofuatana, au mota ya volti 24 yenye betri mbili za 12, unayo njia rahisi kuliko zote: lisha mota kwa betri moja tu. Kasi inafuata volti, kwa hiyo namba 5 inakuwa karibu na namba 1 ya zamani, na chini yake umepata namba nne mpya. Ubaya ni kwamba betri moja inaisha kabla ya mwenzake. Leo tumia hii, kesho ile, na kila moja uichaji peke yake hadi ijae kabla hujazifuatanisha tena. Narudia, ni kwa mota za namba tu.

Ukiwa majini

Mota za brashi, kama hizi za namba, zinagoma kuanza kwa volti ndogo sana. Zungusha kitufe hadi propela ianze, halafu urudishe taratibu. Ukiona inasimama yenyewe, hapo ndipo mwisho wa chini wa mota yako. Weka alama ya rangi kwenye boksi juu kidogo ya hapo. Mota iliyokwama ikiwa na umeme haizunguki lakini inakula mkondo, na hakuna sauti ya kukushtua. Mwani ndio sababu kubwa, hasa bahari ikiwa imechafuka. Kwenye kasi kubwa propela inaukatakata. Kwenye mwendo huu inajifunga nao kama kilemba. Kila dakika chache piga jicho tezi.

Mwendo mdogo una mpaka wake pia. Wakati wa bamvua, mkondo wa mlango wa kijito unaweza kuwa na kasi kuliko wewe, na utakuwa unakwenda nyuma huku mota inazunguka. Miezi ya kaskazi asubuhi huwa na utulivu wa kutosha. Kusi ikishika, saa nne za asubuhi mara nyingi ndiyo mwisho wa faida ya mwendo huu, maana upepo unaisukuma omo ya boti nyepesi kuliko mota inavyoweza kuirekebisha. Hapo ndoo inarudi kazini: ndoo moja omoni pamoja na PWM iliyopandishwa kidogo inashikilia uelekeo vizuri kuliko PWM peke yake. Vaeni majaketi ya kuokolea maisha, na makasia yawemo hata kama betri imejaa.

Ukirudi, suuza mota kwa maji yasiyo na chumvi, chomoa plagi, na ukague kipande cha zinki kwenye kichwa kama mota yako imetengenezwa kwa maji chumvi. Kila baada ya safari kadhaa fungua nati ya propela, uvute propela pamoja na pini yake, uangalie nyuma. Kwenye mwendo wa taratibu mshipi wa nailoni unaolegea unanyonywa huko kwa urahisi, unajizungusha kwenye shafti na kula sili kidogo kidogo. Ukiukuta, ukate kwa wembe, usiuvute. Sili ikishaachia, maji ya chumvi yanaingia kwenye mota na unaanza kutafuta nyingine.